Miti Niliyoigema Kama Ulanzi

Mti wa mwinjilisti ndio ulioanza kugeuka rangi. Nilikwenda asubuhi na ndoo yangu, nikainua macho, nikaona sindano zake za juu kabisa zimekuwa kama majani ya mahindi yaliyosahaulika shambani. Nikajiambia ni jua. Nikazunguka upande wa pili, ambako jua lilikuwa bado halijafika, nikakuta rangi ni ile ile. Nikageuza ndoo, nikaikalia.

Niseme kwanza kwa nini mti wa paini uitwe wa mwinjilisti. Mume wangu alipoacha kazi Ipogolo na kurudi huku kwetu Kilolo, mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka. Akapata miche ya paini, na hakuweza kuipanda peke yake. Basi tukaitana majirani kama tunavyoitana kulimiana. Mimi nikapika makande, shemeji yangu akaleta ulanzi, na kila aliyekuja akapanda mche mmoja kwa mkono wake. Watu thelathini na sita, miche thelathini na sita. Shule nilikaa madarasa mawili tu, ukinipa karatasi ndefu macho yanachoka, lakini jina la mtu likiingia kwangu halitoki. Kila nilipopita kwenye miti ile niliitaja moyoni kwa majina ya waliopanda, kuanzia wa barabarani mpaka wa bondeni, waliopo na waliokwisha kulala. Humu sitayaandika majina hayo, maana watu wana watoto, na watoto wa siku hizi hawapendi. Nitasema tu mwinjilisti, mkunga, mwenye mashine, inatosha.

Sasa, miti hiyo haikuwa yangu. Siku ile ile ya kupanda, mume wangu alisimama na kikombe mkononi akasema mbele ya wote, hii ni ya kuezekea nyumba ya mwanangu. Mtoto wetu tuliyebaki naye ni mmoja, wa kiume, fundi wa redio na simu kule Mwanjelwa, Mbeya. Baba yake alipofariki, miti ikabaki kwangu niitazame. Na mwanangu hakuwa anangoja tu. Umeme ulipofika kijijini alisema anataka kurudi na mke wake na watoto, afungue ufundi wake hapa. Akapandisha kuta, tofali za kuchoma zilizoshikwa kwa udongo, juu tukafunika nailoni na mawe. Mvua za mwaka wa kwanza zikapita, za mwaka wa pili zikala kona moja. Fundi mwashi aliniambia wazi, mama, mwaka wa tatu bila paa kuta hizi hazitakubali. Ndiyo maana mwanangu kila akipiga simu, baada ya shikamoo, neno la kwanza lilikuwa, "Mama, miti inaendeleaje?"

Nami siku ile nimekaa juu ya ndoo, ndani ya mfuko wa gauni langu kuna kisu.

Habari ya kisu ni hii. Ipogolo mume wangu alikuwa fundi wa rejeta. Malori yanayokuja kupanda mlima kwenda mjini yanachemka, rejeta zinapasuka, na yeye alikuwa na kibanda pale pale barabarani, anaziba kwa risasi ya kuyeyusha. Risasi haishiki kwenye shaba chafu. Inataka ulimbo. Unaweka ulimbo, unapitisha pasi ya kulehemu, moshi unapanda, na risasi inalala pale kama maji. Ulimbo huo niliupika mimi. Utomvu wa paini ukiutoa mtini ni mzito kama uji wa mtoto, unanata, unanuka mpaka puani pote. Unautia maji kwenye sufuria kuukuu, unauchemsha nje, kamwe si ndani, kwa sababu mvuke wake unashika moto kama mafuta ya taa. Mume wangu aliwahi kuinama juu ya sufuria na sigara mdomoni, akakaa wiki tatu bila nyusi. Ukichemka na ile harufu ikapungua, unachuja kwa gunia, unamimina kwenye bati lenye maji baridi, ukipoa umekuwa kama kioo, rangi ya chai ya rangi. Ukiugonga unavunjika.

Miaka mingi sikuupika tena. Halafu, tulipokuwa tunavuna mahindi, mwanangu akapiga simu.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba baba. Wazima huko?"

"Wazima. Miti inaendeleaje?"

"Inapumua vizuri."

"Mama, ule ulimbo wa baba, bado unajua kuupika? Hizi dawa za kopo tunazouziwa huku zinaacha uchafu, simu inarudi baada ya siku mbili. Nipikie kidogo tu. Kama ngumi."

Kama ngumi, ndivyo alivyosema. Nakumbuka kwa sababu nilikunja yangu nikaitazama.

Kipande hicho nilikipata bila kukata mti wa mtu. Paini likivunjika tawi linatoa utomvu lenyewe, nikabandua bandua kwenye vidonda vya zamani, nikapika, nikampa kondakta wa basi bahasha. Baada ya siku mbili mwanangu akapiga tena. Akasema, mama, nimewasha pasi nikaugusa, moshi ulipopanda nikamwona baba. Kisha akasema mafundi wenzake kwenye mstari wamekatiana kile kipande mpaka kimekwisha, na fundi viatu wa mbele yao ameomba, anavuta uzi wake juu yake ili usiingize maji.

Mtu mzima kama mimi, ambaye kwa siku nzima anaongea na kuku, ukimwambia maneno kama hayo umemharibu. Nilitaka kupika mwingine. Na vidonda vya zamani vilikuwa vimekwisha.

Kule msitu wa juu kuna kampuni inagema paini. Wanabandua ganda, wanatia alama, wananing'iniza mfuko. Nilikuwa nimeona mifuko hiyo kwa mbali nikienda kanisani, lakini kuuliza wenyewe niliona aibu. Nikamuuliza shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, ambaye ndiye mgema ulanzi bora katika kijiji chetu, na hilo analijua kuliko mtu yeyote.

"Shemeji, wale wa kampuni wanakata vipi?"

"Wanakata kama wavivu. Nimepita pale kwa macho yangu. Mti wanaukata leo, wanarudi wiki ijayo au ya pili. Mimi ningegema ulanzi namna hiyo, kijiji kizima kingekunywa maji ya mvua."

"Lakini paini si mwanzi."

"Mti ni mti. Umeutia kidonda, kidonda kinataka kuziba. Usipokikata upya asubuhi na jioni, kimeziba, umekosa. Umewahi kusikia mimi nimekosa ulanzi?"

Sikuwahi. Hilo ndilo lililoniponza.

Kwa asiyeufahamu, ulanzi ni maji ya mwanzi mchanga. Mgema anakata ncha, anaweka kikombe cha mwanzi, na kila asubuhi na kila jioni anarudi kukata kipande chembamba kama ukucha ili maji yaendelee kushuka. Mimi nimezaliwa katika hilo. Baba yangu aligema, kaka zangu waligema. Hivyo shemeji aliponiletea kisu chake cha zamani na kunionyesha, nilikipokea kama kitu ninachokijua tangu tumboni. Nilikata chupa za maji nusu nusu, nikazifunga kwa kamba za katani. Asubuhi kabla ya chai nilizunguka mti kwa mti, nikipunguza kipande. Jioni kabla ya kufungia kuku, tena. Na kidonda kimoja kilipopungua utomvu nilifungua kingine pembeni yake, kisha cha tatu, kisha cha nne, mpaka vikashikana mikono. Utomvu ulishuka. Ulishuka kweli kweli. Shemeji alikuwa anakuja kusimama njiani na kuniangalia.

"Mnaona," alikuwa anawaambia wapita njia, "kampuni ingeniajiri mimi."

Miezi hiyo nilikuwa mtu. Mwenye mashine ya kusaga mkanda wake ulikuwa unateleza, mahindi yanatoka chenga, watu wananung'unika. Nikamsagia ulimbo, akaunyunyiza kwenye mkanda, mashine ikashika mpaka ikabadilisha sauti. Mkunga alikuwa na ndoo iliyopasuka kitako, nikaiziba. Mwenye nguruwe wa kipaimara aliniita, tukamwagia ulimbo wa moto juu ya ngozi, ukipoa unauvuta unatoka na nywele zote, nguruwe anabaki mweupe kama amenyolewa mjini. Hilo bwana mifugo alilisikia akanikataza, akasema si kitu cha kugusa chakula, nikaacha. Lakini kila aliyekuja alisema, bibi wa ulimbo yupo? Na kila bahasha iliyokwenda Mwanjelwa ilikuwa kubwa kuliko ile ya kwanza. Mwanangu alisema, mama, inatosha. Nilidhani ananionea huruma.

Basi ukageuka mti wa mwinjilisti. Wiki ile ile nikasikia mwinjilisti mwenyewe anakohoa, hajaonekana kanisani Jumapili mbili. Najua mtu na mti ni vitu viwili. Mchungaji anisamehe, mguu ulinipeleka kwake siku hiyo hiyo nikiwa na mayai sita kwenye kitambaa. Nilimkuta amekaa kwenye jua na koti mbili.

"Karibu dada. Mti wangu unaendeleaje?"

Hakuwahi kuniuliza habari ya mti huo tangu aupande.

"Unaendelea," nikasema.

"Mimi ndiyo hivyo unavyoniona. Dawa nimepewa, naambiwa nimalize zote."

"Zimalize, kaka. Hata ukijisikia umepona, zimalize."

Nilivyosema alinitazama, kwa sababu nilisema kama ninayemwomba.

Siku nne baadaye ulifuata mti wa mkunga. Kisha miwili ya njiani. Niliacha kukata, nikatia kinyesi cha ng'ombe na udongo kwenye vidonda kama tunavyofunga jeraha la mnyama, nikazungushia matambara. Niliamka mapema kuliko jogoo kuitazama. Nilijifunza kwamba ukiitazama paini kwa hofu kila siku huwezi kujua kama imebadilika, kwa hiyo nilichuma sindano tano kutoka mti ule ule, nikaziweka kwenye Biblia, kesho yake nikachuma nyingine tano nikazilinganisha. Zilikuwa zinazidi kuwa njano tu.

Na simu ikaita.

"Miti inaendeleaje, mama?"

"Inapumua vizuri, baba."

Sijui hata niseme nini juu ya jibu hilo. Lilitoka lenyewe, kwa sauti ile ile ya siku zote. Alinipigia mara tatu mwezi ule, na mara zote tatu ilipumua vizuri.

Afisa misitu wa kata ndiye aliyenifichua. Ni binti wa umri wa mjukuu wangu wa kwanza, anatembea na buti za mvua hata kiangazi. Alikuwa anapita kwenda kwa mwenyekiti, akaona matambara yangu kutoka barabarani.

"Kamwene, bibi. Hii miti imevunjika miguu?"

"Kamwene, mwanangu. Inaumwa kidogo."

Alifungua tambara moja. Akafungua la pili. Alizunguka mti mzima polepole, kidole chake kinafuata kidonda, na kidole hakikukutana na ganda popote. Akavua kofia.

"Bibi, nani amekufundisha kugema hivi?"

"Nimekata tu asubuhi na jioni."

"Kila siku?"

"Kila siku. Jumapili mara moja."

Alitaka kucheka nadhani, akajizuia. Alikaa chini kwenye sindano zilizopukutika, akanivuta nikae. Akanieleza kwamba chakula cha paini kinatengenezwa juu kwenye majani na kinashuka chini ya ganda kwenda mizizini, na mimi nimeifunga shingo. Mwanzi, alisema, unaukata ncha, shina unaliacha. Wewe umekata shina lenyewe. Ukigema paini unabandua upande mmoja tu, unaacha ganda pana, unakata siku moja na kuuacha upumue hata wiki mbili.

"Yenye ganda upande mmoja itapona," akasema. "Iliyozungukwa hapana."

"Hata nikiifunga vizuri?"

"Hata ukiifunga kwa hariri, bibi."

Tulitembea naye mti kwa mti. Alikuwa na chaki, anatia alama. Kila alipotia alama mimi nilitaja jina moyoni. Kumi na tisa. Kisha akaniambia kwamba hiyo kumi na tisa ikisimama hivyo mpaka mvua zishike, vidudu vitaingia chini ya ganda, mbao zitapata ukungu wa bluu na kuwa laini, hazitafaa hata banda la mbuzi. Ikikatwa sasa, ni nyembamba, haijafika umri, lakini ni mbao.

"Kibali nitaandika leo. Mwenye miti ni nani?"

"Mwanangu."

"Anajua?"

Niliangalia buti zake.

"Mpigie, bibi. Mawingu hayo unayaona mwenyewe."

Sikumpigia. Jambo kama hilo haliingii kwenye simu. Kesho yake nilimwachia shemeji kuku wangu, nikashuka mpaka Ipogolo, nikangoja basi la Mbeya mbele ya mahali kibanda chetu kilipokuwa. Sasa kuna mtu anauza matairi. Kwenye mkoba wangu kulikuwa na ulimbo wa mwisho, umefungwa kwenye gazeti, mkubwa kama kichwa cha mtoto. Njia nzima niliupanga usemi wangu. Kufika Makambako nilikuwa na maneno mazuri sana. Kufika Mwanjelwa sikuwa na hata moja.

Mwanangu alikuwa ameinamia redio ya mama mmoja aliyekaa kwenye stuli anangoja. Aliponiona alisimama mpaka pasi ikaanguka.

"Mama? Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Shika salamu kwanza."

Mafundi wa mstari ule walikuwa wamegeuka wote. Mmoja mnene mwenye miwani akaniamkia.

"Shikamoo mama. Ndiye mama wa ulimbo huyu? Mama, mwambie mwanao aache roho mbaya. Anatukatia vipande kama sabuni ya gesti."

"Marahaba. Leo nimeleta mkubwa."

"Mungu akuweke. Si unaona, mama mwenyewe ana mkono wazi. Wewe umefanana na nani?"

Walicheka. Mwanangu alifungua gazeti, akatazama ule ulimbo, na sikuona furaha usoni kwake. Aliugeuza geuza. Ni mtoto wa fundi rejeta. Anajua utomvu kiasi gani unakwenda kwenye kipande kama kile.

"Mama," akasema chinichini, "huu umetoka wapi wote?"

Nikamwambia. Nilisema nikiwa nimesimama, mkoba begani, mbele ya yule mama wa redio ambaye hakujua aangalie wapi. Nilimweleza kuhusu kisu cha asubuhi na jioni, vidonda vilivyoshikana, na chaki ya yule binti.

"Mingapi?"

"Kumi na tisa."

"Kila nilipokuuliza, ulisema inapumua vizuri."

"Nilisema."

Alichukua pasi yake, akaigusa kwenye ulimbo mpya. Moshi ukapanda, harufu ile ile ya Ipogolo. Aliinama akaunganisha waya wa redio ya yule mama, akapuliza, akaunganisha mwingine. Hakuharakisha. Nilisimama pale nikitazama utosi wa kichwa chake, ambapo nywele zimeanza kupungua kama za baba yake, na nilijua kwamba hata akinifukuza nitakuwa nimestahili. Redio ikalia, taarifa ya habari. Yule mama akaichukua, akaondoka upesi.

"Nani alikwambia ukate asubuhi na jioni?"

"Baba yako mdogo."

Mdomo wake ukacheza.

"Baba mdogo," akasema, "umwache peke yake na nguzo ya umeme, ataigema."

Fundi mnene alicheka mpaka akavua miwani. Mwanangu hakucheka. Alifuta mikono, akasema, "Nilikuomba kama ngumi, mama," na hilo ndilo neno zito pekee alilonipa. Kisha akasema atafunga kibanda keshokutwa.

Tulikata kwa siku mbili. Mashine ya kupasulia mbao, ile wanayoiita dingdong, ililetwa kwa trekta, na mimi nilisimama pembeni yake na kipande cha mkaa. Kila gogo lilipopanda nilisema ni la nani, na mbao zilipotoka nilizitia alama. Mpasuaji alichoka na mimi.

"Bibi, tuachie nafasi. Mbao hazina ukoo."

"Hizi zinao. Pasua hivyo hivyo."

Mwanangu alimwambia, mwache mama. Siku zile alizungumza nami habari za chai, nyundo na kamba tu, na kila alipoangalia angani nami niliangalia.

Mbao hazikutosha. Kenchi, yaani mifupa ya paa, zilipatikana za vyumba viwili na sebule. Chumba cha tatu kikabaki na nailoni yake. Papi nyingine, zile mbao nyembamba za kupigilia bati, ilibidi zinunuliwe kwa watu, na baada ya hapo mabati mapya yakawa hayawezekani. Tukatoa mabati ya zamani, yale ya paa na kuta za kibanda cha Ipogolo yaliyokuwa yamelala nyuma ya jiko langu. Mazuri bado, ila yametobolewa misumari kila mahali.

Hapo ndipo niliposema, "Niachieni matundu."

Mwanangu alinitazama kwa mara ya kwanza tangu Mwanjelwa kama mtu anayetazama mtu.

"Ulimbo mtupu utapasuka, mama. Jua likipiga unakuwa kama kioo."

"Mtupu sijasema. Baba yako paa la kibanda alizibaje?"

Niliuvunja ule mkubwa kama kichwa cha mtoto, mwanangu alikuwa amerudi nao. Nikauyeyusha taratibu na nta ya nyuki na tone la mafuta ya kupikia, mpaka ukiukunja kati ya vidole unakunjika, haukatiki. Nilikaa uwanjani na bati moja moja limeinuliwa kwenye jua. Tundu linaloingiza mwanga nalitia tone, nageuza, natia upande wa pili, nabandika kipande cha gunia, natia tena juu. Siku tatu. Vidole vyangu viliungua mpaka sikuweza kushika sindano ya nguo. Shemeji alikuja akasimama njiani, mikono nyuma. Hakuwa na la kusema kuhusu kampuni.

Siku ya kupandisha paa mwinjilisti alikuja na fimbo, koti moja tu sasa. Alimaliza dawa zake. Alisimama sebuleni akainua kichwa.

"Wangu ni upi?"

Nilimwonyesha kenchi ile ya pili kutoka mlangoni. Aliitazama kwa muda mrefu.

"Umekonda," akasema.

"Hata wewe, kaka."

Mvua ilikuja siku ya nne yake, mchana, tukiwa ndani tunakula. Kwanza matone makubwa, mbali mbali, kisha yote kwa pamoja mpaka hatusikii tunachosema. Mwanangu aliacha kula. Mimi nilikuwa nimeshaacha. Tuliangalia juu wote wawili, na mimi nilianza kupitia kenchi moja moja na majina yake, mkunga, mwinjilisti, marehemu kinyozi, nikisubiri kwenye kila mmoja kama ninayebisha hodi. Kuta zilikuwa kavu. Kona ile iliyoliwa ilikuwa kavu. Nilifika kwa mwenye mashine, na hapo tone likaanguka juu ya meza, katikati ya sahani zetu. Likaanguka la pili.

"Hilo umelisahau," mwanangu akasema.

"Sikulisahau. Sikuliona."

Aliinuka akachukua bakuli, akaliweka pale. Tulisikiliza matone yanagonga. Alisogeza ugali wake pembeni, akakata tonge, akala.

"Umebaki ulimbo?"

"Upo kidogo."

"Kiasi gani?"

Nilikunja ngumi kwa mkono wangu ulioungua nikamwonyesha. Akautazama, akaitikia kwa kichwa, akaendelea kula. Mvua ilikuwa inapiga bado, na kupitia mlangoni niliona ile kumi na saba iliyobaki inayumba, na upande mmoja wa kila shina, tambara langu limelowa. Nilisema nitaamka mapema kuitazama.

"Tutaitazama," akasema mwanangu. "Kisu nimemrudishia baba mdogo."